Kanda Mbili za Wimbo Mmoja

3 Februari
Mwaka wa tatu umeingia tangu niondoke

Mama Mapacha,

Salamu nitaziweka mwisho, kama zitabaki. Leo nina jambo moja na sitalizungusha. Baba, najua uko hapo unasikiliza, maana kanuni yako ni kwamba barua yangu haifunguliwi nyuma ya mgongo wako. Vizuri. Leo nakuhitaji. Kaa sawasawa, uwe hakimu.

Mnajua hapa tunalala watu wanane chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, nguo kwenye misumari. Mchana tunatoa matofali tanurini yakiwa bado na moto, mikono tumeifunga vipande vya magunia, na jioni kila mtu ana rangi ya tofali; unamwita rafiki yako anageuka mtu mwingine. Starehe yetu ni redio kaseti ya Mwalimu. Si mwalimu wa kweli, tunamwita hivyo kwa sababu anasoma hata karatasi iliyofungia sabuni. Ana kanda ya "Kiti Changu", ile ile ya bendi ya Baba, yenye tarumbeta. Nilipofika hapa niliwaambia, "Mnamsikia huyo wa gitaa? Huyo ndiye aliyenizaa." Mrefu akasema, "Na huyo wa tarumbeta ni mjomba wangu. Kumbe sisi ndugu!" Walichukua muda kuniamini. Siku hizi ukifika ule mteremko, pale gitaa linaposhuka peke yake kama maji kwenye ngazi kabla ya ubeti wa tatu, wote wananyamaza na kunitazama, kana kwamba vidole ni vyangu.

Sasa juzi amekuja mfanyakazi mpya kutoka huko kwetu, na mpaka aje mwingine jina lake ni Mgeni. Amekuja na kanda aliyonunua kwa fundi redio. Anasema ni "Kiti Changu" imeimbwa upya na watu wasiojulikana, hata jina juu haina. Tukaiweka.

Kwanza sauti ya mwanamume: "Sogea karibu. Usiogope." Sauti nzito, ulimi umelala, sauti ya mlevi. Halafu gitaa. Halafu wewe.

Usiniambie si wewe. Nilikujua kabla hujamaliza neno la kwanza. Ni sauti ile unayoimbia ukishona, miguu iko kwenye cherehani na akili iko mbali. Nilidhani sauti hiyo tunaijua mimi, Baba na mapacha tu. Sasa anaijua kila mtu humu ndani, na Mrefu akasema, "Huyu mama anaimba kama mtu aliyeketi ukingoni mwa kitanda." Wakacheka. Nami nikacheka nao, ili wasijue.

Nakuuliza, na Baba anisaidie kukuuliza. Nani huyo anayekuambia usogee karibu? Lini umeanza kuimba na wanaume, na katika barua zako zote hizi za homa za watoto na nguo za wateja hukupata nafasi ya kuniambia? Na kwa nini wimbo wa haraka umeuvuta hivyo, kama mtu asiyetaka uishe? Halafu ubeti wa tatu uko wapi? Mwanamume anaaga, umeimba. Anaomba kiti chake cha dirishani asikikalie mtu, umeimba. Lakini pale mwanamke anapojibu, "Nenda salama bwana, kiti nitakifuta vumbi, mgeni akija atakaa mkekani", hapo hakuna kitu. Gitaa linajikwaa, unaimba kidogo mdomo umefumba, basi, wimbo umekwisha. Yaani ubeti wa kungoja ndio ulioukosa?

Na wewe Baba, msikie huyo mpiga gitaa! Anaburuta vidole kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Wimbo wako umechinjwa, tena kwa kisu butu. Kama mnamjua huyo mlevi, mwambieni mtoto wa mwenye wimbo amesema akalime.

Nangoja jibu. Sina usingizi.

Mumeo


1 Machi

Baba Mapacha,

Ni mimi. Sikuwa na nia ya kukataa.

Barua yako niliifungua mbele ya Baba kama kawaida. Nilipofika kwenye ulimi uliolala, nikaruka mstari. Baba akasema, "Umeruka. Rudi." Unamjua, anasikia hata kisichosomwa. Nikarudi. Nikasoma yote, mlevi, kisu butu, mpaka akalime. Ulipomwita Baba awe hakimu hukujua unanituma nini. Alipomaliza kusikiliza, aligeuza uso ukutani, na tangu siku ile hataki kusikia habari ya wimbo huo wala gitaa.

Mwanamume uliyemsikia nimekatazwa kumtaja. Nilikubali kwa kiapo, kwa hiyo simtaji. Ni mtu wa heshima kuliko wewe na mimi. Kama neno langu halikutoshi, basi hata jina lake halitakutosha.

Kanda ile haikuwa ya kuuza. Fundi Redio wa mlango wa pili alinasa sauti zetu dukani kwake, kwa shughuli nyingine kabisa, tukijua ni ya kwetu ndani. Yeye akaona biashara, akatoa nakala. Nimemfuata nikamwambia maneno ambayo mke wa mtu hasemi barabarani. Akasema, "Shemeji, si watu wameipenda?" Nikamwambia basi akajiuze yeye mwenyewe.

Sikukuandikia kwa sababu kulikuwa na sababu. Ubeti wa tatu uniulize ukirudi, uso kwa uso. Si jambo la kuweka kwenye bahasha.

Mapacha wameng'oka meno ya mbele wote wawili wiki moja, wanacheka kama wazee. Hukuwauliza. Katika barua nzima, ndefu ile, hukuwauliza.

Mke wako


24 Machi
Bado mwaka wa tatu, lakini naona kama wa kumi

Mama Mapacha,

"Nimekatazwa kumtaja." Nimeyasoma maneno hayo nikiwa nimesimama, nikayasoma nimekaa, yanasema kitu kile kile. Mwanamke wa mtu anakatazwa na mwanamume mwingine, naye anatii kwa kiapo. Mimi nilikukataza nini katika maisha yetu ukanitii hivyo?

Jumapili Mwalimu aliniazima redio. Wenzangu walikwenda kufua, nikabaki na kanda mbili. Nikaweka ya Baba, nikaweka yako, nikarudia ya Baba, mpaka betri zikaanza kulia. Mimi si mtu wa shule, lakini masikio hayasomeshwi.

Kwenye kanda ya Baba tarumbeta zinaingia kama watu wa harusi, gitaa linakimbia, mwimbaji analikimbiza. Huzuni imo, lakini inacheza. Hata ubeti wa mwanamke anauimba yule yule mwanamume, amejibana sauti kama ameshikwa koo. Utotoni tulikuwa tunajigaragaza chini kwa kicheko hapo. Kanda yako haina tarumbeta wala ngoma. Gitaa moja na wewe. Na mwisho wa kila mstari pana nafasi. Mwanzo nilidhani kanda imekwama. Haijakwama. Ni wewe. Unamaliza neno, unanyamaza, gitaa linakuja kwa taabu, ndipo unaanza tena. Unamngoja. Nilisogeza sikio mpaka nikasikia pumzi zako ukimngoja. Mwanamke wa wimbo huu anaombwa amngoje mume aliye mbali, na wewe unamngoja mtu aliye kando yako. Tena bila haraka. Tena kwa upole ambao mimi siukumbuki.

Ningeweza kuyameza hayo. Lakini Jumatatu tulikuwa tunasukuma toroli mimi na Mgeni, ambaye hajui wewe ni nani kwangu. Nikamuuliza kama mtu anayepitisha wakati, "Huyo mwimbaji wako umewahi kumwona?"

Akasema, "Mara moja. Nilikuwa dukani kwa fundi, akanionyesha, yuko ng'ambo ya barabara anapita."

"Peke yake?"

"Peke yake wapi! Amemshika bwana mmoja mkono, wamegandana, wanatembea taratibu kama maharusi. Asubuhi kweupe! Niliwaona mgongoni tu, bwana amevaa kofia mpaka shingoni. Nikamuuliza fundi, huyo ndiye wa gitaa? Akasema ndiye."

Toroli lilinitoka. Matofali ya moto yakamwagika yote, moja likamkosa Mgeni mguuni kidogo tu. Nyapara wetu hakuuliza neno, amenitoa tanurini akanitia shimo la udongo, maji mpaka magotini, na viatu vilivyoachwa na mtu mwenye mguu mdogo. Mgeni ananiuliza kuna nini, namwambia ni kizunguzungu.

Baba, umegeuza uso ukutani nami nimekuelewa. Mzee hawezi kutamka aibu ya nyumba yake mwenyewe. Usijisumbue kusema.

Mama Mapacha, nimemwandikia kaka yako. Nimemwambia yote: kanda, mwanamume, kiapo, barabarani asubuhi kweupe. Nimemwomba aje akuchukue akupeleke kwenu, mapacha wabaki na babu yao mpaka nirudi, ndipo wazee wakae. Barua yake nimeiposti jana, kabla ya kuandika hii, kwa kusudi, nisije nikalainika.

Wewe ulisema si mambo ya bahasha. Mimi nilicho nacho ni bahasha tu.

Baba watoto wako


19 Aprili

Shemeji,

Mwandiko huu ni wangu mimi, kaka wa mkeo, lakini maneno ni ya babako. Yeye anasema polepole na mimi naandika polepole, kwa hiyo tumepatana. Nilipopata barua yako nilipanda lori la mbao usiku huo huo, hasira imenitangulia. Nilikusudia kumchukua dada yangu pamoja na cherehani yake. Niliingia bila hodi. Nikamkuta amepiga magoti sakafuni anamfunga babako kamba za viatu. Sasa nyamaza, anaanza.

Mwanangu. Mlevi ni mimi.

Mvua za mwaka jana zilipoanza, niliamka upande wa kushoto haupo. Mkono upo, mguu upo, ila si wangu. Ulimi nao ukalala. Wanasema ni kiharusi. Mkeo alitaka kukuandikia siku ile ile, kalamu alikuwa nayo mkononi. Nilimkatalia. Nilijua ungeacha kazi uje unitazame, na kutazamwa sikutaka. Watu wa mtaa huu walinijua nikiwa jukwaani. Wewe pia unanijua hivyo, unawaambia mpaka wenzako wa huko. Nikamwapisha. Kosa la kiapo ni langu, lisimkae yeye.

Nesi alinipa mpira nifinye, vidole viamke. Nikautupa. (Shemeji, dada yangu anasema hapa kwamba ulivuka ukuta ukaangukia kwenye nguo za jirani zilizoanikwa.) Mkeo akashusha gitaa. Nikasema sipigi. Akasema, "Basi nitaimba mwenyewe, na nitaimba vibaya makusudi." Akaimba. Jamani, aliimba vibaya! Sikuvumilia. Nikamwambia nipe hiyo takataka.

Tangu siku ile ndiyo mazoezi yetu, kila mchana akipumzika kushona; barua yako iliyakatiza, juzi tumeyarudia. Fundi Redio alitunasa ili nijisikie mwenyewe kama mkono unaendelea. Maikrofoni yake mbovu, na mkeo aliiogopa kama nyoka. Nikamwambia asogee karibu, asiogope. Hicho ndicho ulichosikia. Huyo bwana wa barabarani ni mimi, tunakwenda kliniki. Kofia naivaa ili watu wasiniulize habari.

Wimbo ni wa polepole kwa sababu mkono ni wa polepole. Anamaliza mstari, ananingoja nihamishe vidole, anaendelea. Ubeti wa tatu haumo kwa sababu hauendeki bila mteremko, na mteremko ni kazi yote ya mkono wa kushoto. Tulipojaribu nilianguka. Tukajaribu tena nikaanguka. Tukafungia wimbo pale pale nilipoangukia.

(Hapa amefumba macho. Nimemuuliza kama tumemaliza, akaniambia mimi si karani mzuri.)

Ile kanda ya tarumbeta unayojivunia, nilikuwa kijana, nilikuwa nashindana na wenzangu nani atasikika zaidi. Isikilize tena. Kwenye kanda ile simngoji mtu yeyote. Mwimbaji alitaka kunipiga siku ile, kwa sababu hakupata hata pa kuvutia pumzi. Watu waliipenda, sawa. Lakini usinipimie mke wa mtu kwa kanda ile.

Umesema nikalime. Nitalima nikipata mkono wa pili. Sina la kukulaani, wewe hukujua. Ila kuna jambo moja ulilijua: ulijua ni mwanamke wa namna gani umemwacha hapa. Hilo hukuhitaji kuandikiwa. Maneno yamekwisha, ulimi umechoka.

Sasa ni mimi, shemeji. Sikumchukua dada yangu. Usidhani nimekusamehe, amekataa kuondoka, anasema ana mgonjwa. Nilikuja kukutetea wewe, narudi nimebeba aibu yako mgongoni, na lori litakuwa limejaa. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi yake. Ameigundisha kwa uji wa ngano, hata mimi sikuruhusiwa.

Shemeji yako


19 Aprili

Baba Mapacha,

Hii Baba hajaisikia. Ni ya kwanza katika nyumba hii.

Kaka alipoingia na uso ule, barua yako kwangu ikiwa bado njiani, nilidhani umekufa. Kisha akatoa barua yako mfukoni, nikaitambua kwa bahasha. Mapacha walikuwepo. Mmoja aliuliza, "Mjomba, unatuletea zawadi za baba?" Nimeona uandike hilo kichwani mwako, kama mimi nilivyoliandika kwangu.

Alinisomea ulichomwandikia. Mambo ya ndani yangu na yako, ya ukingoni mwa kitanda, yamepita mdomoni mwa kaka yangu. Mtu akikuibia unajua cha kudai. Mimi sijui nidai nini.

Sasa nikuambie la ubeti wa tatu, kwa kuwa umelitaka kwa bahasha. Alichokuambia Baba ni kweli, lakini ni nusu. Kuna siku moja, baada ya kanda ile, mkono ulikubali. Mteremko ulitoka. Si kama wa zamani, ulishuka ukishikilia ukuta, lakini ulifika chini. Baba machozi yalimlengalenga. Alinitazama niingie. Na mimi nilinyamaza.

Alidhani nimesahau maneno. Akarudia, nikanyamaza tena. Nikamwambia koo limekauka. Tangu siku hiyo anadhani mkono wake ulichelewa, na mimi nimemwacha adhani hivyo. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii, na si lile ulilolitafuta.

Sikunyamaza kwa sababu ya mwanamume. Ningekuwa naye ningeuimba ubeti ule vizuri sana, ndivyo waongo wanavyofanya. Nilinyamaza kwa sababu nilipofungua mdomo kusema nitakifuta kiti vumbi, niliona si kweli. Sikifuti. Sina wakati. Nashona, nampeleka Baba kliniki, napika, naosha watu watatu jioni, nalala kama gogo. Kiti chako Baba ndiye anayekikalia, kina mikono ya kushikia wakati wa kuinuka. Na huo ubeti wa mwanamke ni mwanamume aliyeutunga na mwanamume aliyeuimba, kajibana sauti. Nyie mlikuwa mnacheka. Mimi nikiuimba sitajibana. Itakuwa sauti yangu, na sauti yangu haitaki kuahidi jambo ambalo hata halifikirii.

Sikusema sikutaki. Nasema mtu akikaa mbali miaka, anayebaki hakai dirishani. Anageuka mtu mwingine mwenye kazi nyingi. Nilitaka kukuambia hivyo ukirudi, taratibu, nikikutazama usoni nione umeelewa au umeumia. Ulikuwa na haraka.

Naishi hapa kama binti wa Baba. Watoto wana babu na mama. Kuhusu mke wako, sijaamua, na asinisukume mtu. Si wewe, si kaka, si wazee. Usinitumie maneno matamu, nitayasoma kwa sauti mbele ya Baba na wewe utaona aibu.

Mama Mapacha


12 Mei
Sihesabu tena tangu lini niliondoka

Mama Mapacha, na Baba uliyeketi hapo,

Maneno matamu sina. Hata ningekuwa nayo, shimo la udongo lingeyanyonya.

Baba, nimekuita mlevi mbele ya mkweo, na nikamfanya yeye ndiye akusomee. Nimetafuta namna ya kuliandika jambo hilo likawa dogo, sijaipata. Nimeliandika lilivyo.

Bahasha yenu ilifika Ijumaa. Nilisoma kule shimoni, wino wenu ukiwa umetiririka kwa jasho la mkono wangu. Nilikaa ukingoni, miguu majini. Mwalimu akaja akasema, "Kuna msiba?" Nikasema hakuna. Akasema, "Mbona umekaa kama mwenye msiba?" Nikasema, "Niazime redio."

Jioni niliwaomba wote wakae. Nikaweka kanda ya Mgeni. Ilipofika ile "Sogea karibu", Mrefu akaanza, "Haya, mlevi wetu huyo," maana mimi ndiye niliyewafundisha kumwita hivyo. Nikaizima. Nikawaambia, "Huyo ni baba yangu. Ameugua upande mmoja. Huyo mwanamke ni mke wangu, anamngoja ahamishe vidole." Mrefu akatazama mikono yake, akasema, "Ulituacha tucheke?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Wewe si mtu mzuri." Nikasema najua. Kisha Mgeni, ambaye nimemchukia bure wiki zote hizi, akasema, "Iwashe basi tuisikilize." Tukaisikiliza yote. Ilipofika pale unapoimba mdomo umefumba, nikajua sasa unafanya nini: unamfichia Baba anguko lake, mtu asisikie. Nilikuwa nimelisikia mara nyingi na sikulijua.

Kanda ya tarumbeta sijaiweka tena. Si kwamba ni mbaya. Nilikuwa naitumia kujiinua mbele ya watu, na imechoka kunibeba.

Mama Mapacha, uliyosema ya ubeti wa tatu yaliniuma zaidi kuliko kama ungekuwa na mwanamume. Mwanamume ningempiga. Hili sina wa kumpiga. Maana hata mimi nikijiangalia, huku ninapoishi simuoni yule aliyeondoka. Nimezoea kuamka kwa kengele, kula nimesimama, kusema na wanaume tu. Nilikuwa nakutaka ukae pale pale nilipokuacha ili mmoja wetu asibadilike. Hilo sikulijua mpaka uliponiandikia. Sasa nalijua na sijui nilifanyie nini, lakini sitalitia kwenye bahasha likusubiri ulijibu. Na la koo kukauka, Baba amelisikia sasa hivi ukisoma, au umeruka mstari. Kama umeruka, atakuambia urudi. Mwambie.

Kwa kaka yako nimeandika barua nyingine. Nimemwambia aliyoyasoma mwanzo ni uongo, na mwongo ni mimi, na sijaweka "lakini" mahali popote. Najua haitayafuta. Walau atakuwa nazo mbili.

Nimemwomba Nyapara aniachie. Akasema mkataba haujaisha, nikitoka kitanda changu kitakuwa na mtu jioni hiyo hiyo. Nikamwambia amkaribishe. Akanitazama kidogo, akaniuliza nina mgonjwa? Nikasema ndiyo, baba. Akaniuliza tena, na mke? Nikamwambia hilo bado halijaamuliwa. Akanirudishia hati yangu ya kusafiria bila kelele, jambo ambalo wenzangu bado wanalizungumza.

Nakuja, wala si kwa kuitwa. Nitafikia kwa Fundi Redio, kama atanipa pa kulala, mpaka utakaposema vingine. Asubuhi nitampeleka Baba kliniki ili wewe ushone, kama Baba atakubali kushikwa mkono na mimi. Mapacha nitawaacha wanizoee kwa hatua zao. Hata wakinikimbia sitawashika. Kuhusu sisi wawili utachukua muda wowote utakaouchukua.

Natarajia kufika katikati ya Juni, basi la mchana, ambao kwa hesabu yangu ni wakati wenu wa mazoezi. Mkisikia mtu mlangoni msiukatize wimbo. Nitasimama nje mpaka uishe.

Mimi